Kamba Iliyopimwa Kavu

Kwa miaka kumi na saba kazi yangu ilikuwa kushusha kamba majini na kusema ukweli kuhusu urefu wake. Basi, hiyo tu. Pale kituoni wote walinizidi elimu, waliandika ripoti na kupanda ndege kwenda mikutanoni, lakini kabla hawajaandika neno walinigeukia wakauliza, "Bi Mita, ngapi?" Nikisema kumi na nane, ilikuwa kumi na nane. Hakuna aliyepita nyuma yangu kuhakikisha. Sina mtoto, mume aliondoka zamani, nyumba ni ya mama. Neno langu kuaminiwa ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho, na ndicho nilichonyang'anywa, na walioninyang'anya nawajua mmoja mmoja.

Kituo kilikuwa na vyumba vinne vya tofali, stoo ya bati na veranda ndefu ya saruji. Mbele yake ulikuwa uwanda wa mawe ya chokaa, mawe makali yanayokula soli za viatu, na kwenye uwanda huo kulikuwa na mashimo mawili ya maji. La kwanza tuliliita shimo la buluu. Maji yake yamekolea buluu mpaka mgeni hudhani yametiwa rangi, na kwa kuwa chini kwa chini lina nyufa zinazofika baharini, hupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. La pili liko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Hilo ni shimo jeusi. Halina ufa hata mmoja, maji yamejifungia humo, na ukiyatazama kutoka ukingoni ni meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Lakini ukiyachota kwa kikombe ni maangavu, unaona mpaka chini. Weusi unatokea kwenye mita ya kumi na nane, ambako kuna tabaka la zambarau lenye unene kama wa mita moja, limejaa vijidudu visivyotaka hewa. Vijidudu hivyo hunywa mwanga wote unaoshuka, havirudishi kitu, na maji yao ni ya moto kuliko ya juu. Mzamiaji wetu, ambaye kila mtu alimwita Chura, alisema kupita pale ni kama kuogelea kwenye uji uliochacha. Akitoka alinuka yai viza siku mbili nzima, na mkewe alimwekea sahani yake uani.

Mkuu wa utafiti alikuwa Daktari, ila si daktari wa wagonjwa, na jambo hilo liliwasumbua sana majirani. Mjomba wangu alimwendea mara tatu na goti lake, na mara zote tatu alirudi na maelezo ya chumvi, mwanga na hewa, goti likiwa vilevile. Daktari alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na aliongea na chupa za maji kwa upole kuliko alivyoongea na watu. Swali lake lilikuwa moja: lile tabaka la zambarau limetulia, au linapanda? Maji yaliyo chini yake ni sumu, yana gesi inayogeuza fedha kuwa nyeusi kwa muda mfupi, na kama yanasogea juu ni jambo la kujua. Tena alisema zamani sana, kabla ya samaki, huenda sehemu kubwa ya bahari ilikuwa hivyohivyo, kwa hiyo anayelielewa shimo letu anachungulia utoto wa dunia. Mimi nilipenda kusikia hayo. Nilijiona nimeshika ncha ya kamba inayofika mbali.

Siku moja alikuja mgeni kijana mwenye koti jipya, akaniuliza kama najua kwamba angani nako kuna mashimo meusi, mazito kuliko jua, yanayomeza mwanga usitoke tena.

"Nani ameyapima?" nikamuuliza.

"Wanapiga hesabu, Mama. Wanaangalia jinsi nyota zinavyoyazunguka."

"Kwa hiyo hakuna aliyeshusha kamba."

"Hakuna."

"Basi siku mkipata kamba ya kufika huko, mniite."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Wakati ule alinipenda, au mimi ndivyo nilivyojidanganya.

Niseme kamba inavyotengenezwa, maana hapo ndipo yote yalipoanzia. Kamba ya nailoni ikitoka dukani ni kaidi, imejikunja kama mtu aliyenuna. Ukiipima hivyo ilivyo, ikiwa kavu na imelala sakafuni, itakudanganya, kwa sababu siku utakayoitia majini na kuitundikia chupa na risasi itajinyoosha. Kwa hiyo mimi niliiloweka kwenye pipa siku mbili. Kisha niliipandisha kipande kwa kipande kwenye mnara wa tangi la maji, uzito ukining'inia chini, mpaka ichoke kurefuka. Hapo ndipo nilipoipima, ikiwa bado inachuruzika, na kushona vitambaa: cheupe kila mita, chekundu kila tano, cha kijani kila kumi. Kazi ya siku nne. Chupa ilifungwa kwenye kamba ikiwa wazi, na ikifika mahali pake tuliachia kipande cha risasi kiteremke kwenye kamba hiyohiyo kikagonge kifuniko. Kipande hicho tulikiita tarishi. Nilikuwa nikisikia kwa vidole tarishi anapofika. Chura alisema nina masikio kwenye kucha.

Kazi hiyo sikusomea. Shule sikuikanyaga. Nilikuwa na miaka minane, nimeshashonewa sare, mama alipojifungua mdogo wangu wa mwisho. Mama alikuwa na genge la mboga sokoni, akaniambia ningoje mwaka mmoja, mtoto apate miguu. Mtoto alipata miguu, nami nikaendelea kungoja. Nilimbeba mgongoni, nikamlisha, nikamchana nywele, na sare yangu alikuja kuivaa yeye. Sikumwonea wivu. Nasema kweli. Nilimpeleka mwenyewe hadi mlangoni pa darasa, naye alilia kwa kuniacha.

Kituoni niliingia kama mwosha chupa. Tarakimu nilijifunza kwenye vibandiko vya chupa, herufi nazo zikafuata, na aliyekuwa mshika kamba alipostaafu Daktari alisema, "Tumpe huyu, hajui kubahatisha." Miaka saba baadaye nilimwombea mdogo wangu kazi. Alikuwa na mwandiko mzuri. Alikaa na daftari, mimi nikitaja, yeye akiandika, na watu wakamwita Kalamu. Bi Mita na Kalamu. Tulikwenda kazini pamoja na kurudi pamoja, na njiani alinisimulia mambo ya mumewe na ya mimba anayoitafuta mwaka wa kumi bila kuipata.

Halafu mama akaanguka bafuni. Alilazwa siku tisa, na wodi ile ilikuwa ya wagonjwa wengi na wauguzi wawili. Asiye na mtu wake alikaa na kiu. Likizo yangu ya mwaka nilikuwa nimeshaimaliza.

"Nenda, Dada," mdogo wangu akaniambia. "Nitakuwekea alama."

Alama yenyewe ilikuwa vyema moja kwenye daftari la mahudhurio, daftari lililokuwa juu ya meza ya mlangoni, na kila mtu alijiwekea mwenyewe kila asubuhi. Wote tulikuwa tukifichiana hivyo. Chura akiumwa masikio aliwekewa. Daktari mwenyewe alijua akafumba macho. Basi nikaenda, nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama kuanzia asubuhi mpaka saa ya kufukuzwa wageni. Nilimgeuza, nilimwogesha kwa kitambaa, nilimshikia kikombe. Kituoni, kila asubuhi, mdogo wangu alikuwa akiandika kwamba nipo.

Siku ya tatu ya kutokuwepo kwangu ikaja kamba mpya. Daktari aliitaka haraka. Mdogo wangu akasema ataishughulikia.

Niliporudi niliikuta imekunjwa vizuri stooni, vitambaa vimeshonwa kwa mshono wangu niliomfundisha.

"Uliiloweka?" nikamuuliza.

"Siku mbili, Dada. Kama ulivyonifundisha. We vipi, huniamini?"

Nilimwamini. Kosa langu ni hilo, na sina mwingine wa kumtwisha.

Wiki hiyohiyo tulikwenda shimo jeusi. Tulikuwa watatu juu ya chelezo la mapipa: Daktari, mdogo wangu na daftari lake, na mimi. Nilishusha chupa mita kwa mita, tarishi akashuka, nikapandisha. Chupa ya mita ya kumi na sita ilikuwa safi. Ya kumi na saba ilitoka zambarau kama wino.

"Ngapi?" Daktari akauliza.

"Kumi na saba."

"Rudia."

Nilirudia mara tatu. Mara zote kumi na saba. Daktari alikaa chini juu ya mbao zilizolowa, akacheka kama mtu aliyeambiwa amepata mapacha. "Limepanda," akasema. "Mita nzima! Andika, Kalamu, andika!" Na mdogo wangu akaandika, kichwa chini. Nilidhani ni jua.

Mimi sikuwa na furaha hiyo. Vidole vyangu havikuridhika, kamba ilikuwa inavutika mkononi kama tumbo la mjusi. Alhamisi nikamwomba Chura anisindikize shimo la buluu. Sakafu ya shimo lile ni mwamba, na tangu nianze kazi, risasi ya ncha ya kamba iligonga mwamba kwenye mita hamsini na mbili. Tukashusha. Ikagonga kwenye arobaini na tisa na kitu kidogo.

Chura akakuna kidevu. "Bi Mita, mwamba umeota?"

"Umeota," nikasema. "Umemwagiliwa."

Nilirudi moja kwa moja stooni, nikafunga mlango, nikamshika mdogo wangu mkono. Hata sikuuliza swali. Aliniona uso tu akaanza kulia. Aliipima kamba ile mchana mmoja, kwenye sakafu ya veranda, ikiwa kavu, mgongo umeegemea ukuta. Alikuwa na kichefuchefu, alitaka kuwahi kulala. Kichefuchefu cha nini? Akauweka mkono wangu tumboni mwake. Mwaka wa kumi, na hatimaye.

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia kwanza, ndipo nikamkaripia.

"Nitamwambia Daktari mwenyewe," akasema. "Nipe wiki moja, Dada. Nipate nguvu ya kusema."

Nikampa. Lakini kamba yenyewe sikuweza kuinyamazia, kwa hiyo siku ya pili nilikwenda ofisini kwa Daktari. Alikuwa anapanga sanduku la safari, mashati juu ya kitabu, soksi juu ya mashati.

"Daktari, kamba ile si nzuri. Haikunyooshwa."

"Imeshonwa na nani?"

"Kosa ni la stoo yangu," nikasema. "Nimeijaribu shimo la buluu. Mwamba umepanda mita karibu tatu. Mwamba haupandi, Daktari."

"Matope yamejaa, Bi Mita. Mvua za mwaka huu."

"Risasi ikigonga matope nasikia. Hii imegonga jiwe."

Alisimama na soksi mkononi. Nilimwona anafikiri. Nakumbuka uso ule, na ndiyo maana namjua: alinielewa. Alinielewa vizuri kabisa. Kisha akaitia soksi sandukuni, akasema, "Nikirudi tutapima tena," akafunga zipu.

Akaenda mkutanoni akatangaza kwamba tabaka la zambarau linapanda. Walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Picha yake ilibandikwa ukutani pale kituoni, karibu na daftari la mahudhurio, na aliporudi hakuzungumzia tena kupima. Nilimkumbusha mara mbili. Mara ya pili alinijibu, "Bi Mita, kila mtu ashike kazi yake." Mdogo wangu naye kila wiki aliniomba wiki nyingine. Kamba ile tukaendelea kuitumia, nami nikawa nataja namba nisizoziamini, kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba saruji.

Mwezi wa tatu tangu hapo wakaja watafiti wengine kutoka mbali, watu wa adabu, na chombo chao kinachoning'inia kwenye waya na kujua chenyewe kimefika wapi kwa uzito wa maji yanayokikandamiza. Walikishusha shimo jeusi mara kumi. Kumi na nane. Mara zote kumi, kumi na nane. Tabaka halijasogea hata urefu wa kiganja.

Siku tatu baadaye tuliitwa kwa Mkurugenzi.

Chumba cha Mkurugenzi kilikuwa na zulia na feni isiyozunguka. Kamba ilikuwa juu ya meza. Walikaa Mkurugenzi, bwana mmoja wa makao makuu mwenye tai nyembamba, na Daktari. Mimi na mdogo wangu tulisimama, mpaka Mkurugenzi alipoona tumbo la mdogo wangu akamwonyesha kiti.

"Kamba hii ilipimwa ikiwa kavu," Mkurugenzi akasema. "Hilo tumeshalijua. Tunataka kujua aliyeipima. Kalamu?"

"Kamba zote hupima Dada," mdogo wangu akasema. "Mimi ni wa kuandika."

Ukisikiliza neno kwa neno, hakuwa amedanganya bado. Nilimtazama. Nilimpa nafasi. Nilisema moyoni, sasa atameza mate, sasa atasema.

"Na hii?" Mkurugenzi akauliza.

"Na hii."

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya siku ile mlangoni pa darasa, lakini ilisikika.

"Mimi sikuwepo," nikasema. "Kamba ilipokuja nilikuwa hospitali na mama yetu. Siku tisa."

Mkurugenzi alifungua daftari la mahudhurio, akaligeuza nilione. Vyema tisa, mbele ya jina langu, zimenyooka kama askari.

"Hizo aliniwekea yeye."

"Kwa hiyo unakiri pia udanganyifu wa mahudhurio," akasema bwana wa tai.

"Nakiri. Andika. Lakini kamba sikupima." Nikamgeukia Daktari. "Daktari, nilikuja ofisini kwako ukiwa unafunga sanduku. Nilikuambia kamba haikunyooshwa. Nilikuambia mwamba haupandi. Nilikuambia, sikukuambia?"

Daktari alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Aliifuta muda mrefu.

"Sikumbuki," akasema.

Mtu anayekumbuka chumvi ya chupa ya miaka kumi na mbili iliyopita. Hakukumbuka. Kama angekumbuka, angekuwa ametangaza jambo aliloambiwa ni la uongo. Bora kosa liwe la mshika kamba ambaye hakusoma.

"Muulizeni mama," nikasema. "Yeye ndiye niliyekaa naye."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alichukua simu, akaomba namba, akaiweka juu ya meza kando ya kamba, sauti imefunguliwa wote tusikie.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Ni huku kazini kwa mabinti zako. Swali dogo tu, usishtuke. Ulipokuwa umelazwa, huyu binti yako mkubwa alikuwa anashinda na wewe mchana?"

Nilisikia redio yetu ya jikoni na mlango wa uani unavyolia.

"Huyu mkubwa?" mama akauliza.

"Huyo huyo."

"Alikuwa anakuja jioni. Mchana alikuwa kazini kwake."

Nilikuwa nimemgeuza kwa mikono hii. Nilijua saa ya dawa yake, saa ya sindano yake, na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeimba usingizini mchana kutwa. Ningeweza kusema wauguzi waulizwe. Ningeweza kupiga kelele. Lakini nifanye nini, nimwite mama yangu mwongo mbele ya wanaume wenye tai? Nikajiambia ni ugonjwa, zile dawa zilimchanganya siku na saa. Nikafunga mdomo. Bwana wa tai akaona nimefunga mdomo, akaandika.

Niliondoka na kikombe changu cha chai na kigoda nilichokalia stooni. Chura alinibebea kigoda mpaka barabarani. Ya shimo la buluu hakuwahi kuyasema kwa wakubwa, naye ana watoto watano wa kulisha. Taarifa ya masahihisho ilipotoka, nilimwomba binti wa jirani anisomee mahali penye maneno magumu. Iliandikwa kwamba kosa la kipimo lilitokana na "mtumishi asiye na mafunzo." Huyo ndiye mimi, baada ya miaka kumi na saba.

Kazi yangu akapewa mdogo wangu.

Nilibaki nyumbani na mama, ambaye baada ya kuanguka hakuweza tena kujiogesha wala kubeba maji. Nilimhudumia. Kila nilipotaka kuuliza habari ya ile simu nilijizuia, nikasema mzee amechoka, nisimtie unyonge. Mdogo wangu alijifungua salama mtoto wa kike, na mimi nilikwenda, nikamshika mtoto. Mtoto hana kosa.

Miezi saba ikapita. Jumamosi moja asubuhi alikuja, mtoto mgongoni, begani amening'iniza kamba mpya. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, mimi nafua uani.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

"Nimekuletea habari nzuri. Nimekuombea kibarua kituoni. Siku tatu kwa wiki."

"Kibarua gani?"

"Utakuwa unashika kamba. Mimi napima, wewe unashika tu."

"Unapima ikiwa kavu?"

Akaitua kamba kwenye ukingo wa karo. "Hazikubali, Dada. Nimeloweka, nimetundika, kila nikipima napata urefu mwingine. Yule Daktari ameondoka, na huyu mpya anauliza maswali. Njoo unisaidie. Watu wameshasahau yale."

"Mimi nimesahau?"

"Nilidhani watakusamehe!" Sauti ikapanda, mtoto akashtuka. "Ulikuwa na miaka kumi na saba pale! Nilidhani watakukemea tu, basi. Mimi wangenifukuza siku ileile."

"Basi nenda Jumatatu ukaseme. Sasa hawawezi kukufukuza, wewe ndiye Bi Mita."

"Dada, jamani."

"Sema ni wewe. Neno moja. Nirudishiwe heshima yangu, kazi baki nayo. Kazi siitaki! Ungesema siku ile ningekuwa nimekusamehe kabla hujakaa chini. Uliacha mpaka mama, mgonjwa, hajui siku wala saa, apigiwe simu aseme asichokikumbuka..."

"Mwache mwenzio," mama akasema kutoka mlangoni.

Tukageuka sote wawili.

"Mwache. Mimi nilikuwa nakumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Maji ya sabuni yalikuwa yanadondoka viganjani mwangu. Nilingoja aseme kwamba amechanganya.

"Alikuja kuniambia yote kabla hamjaitwa," mama akaendelea, kwa utulivu, kama anayetaja bei za mchicha. "Nikamwambia atulie. Nikamwambia wakinipigia najua la kujibu. Mimba ya miaka kumi hiyo. Wangemfukuza, presha ingempanda, mtoto angetoka, na yule mumewe angemrudisha hapa na nguo zake. Wewe..."

"Mimi nini?"

"Wewe umezoea."

Mdogo wangu alikuwa analia, mtoto analia, na kile kiredio kinaimba jikoni. Nilikausha mikono. Nilichukua simu ya mama dirishani, nikampa.

"Mpigie Mkurugenzi. Namba yake imo. Mwambie nilishinda na wewe."

Mama aliitazama simu mapajani mwake, akaifunika na kitambaa chake cha kichwa.

"Mtu mzima kama mimi nikajiite mwongo," akasema. "Yamepita hayo. Wekeni chai."

Niliichukua ile kamba nikaikunja vizuri, maana siwezi kuona kamba imetupwa ovyo, nikamvika mdogo wangu begani. Nikamfungulia geti.

Chai niliweka. Sikuhama, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwogesha, na mdogo wangu ana kazi. Kila asubuhi nampasha maji, nampaka mafuta magotini, namkalisha mlangoni apate jua. Nampa dawa kwa saa yake, bila kukosea. Ila tangu Jumamosi ile sijamwita Mama. Nikimhitaji nasogea mpaka awe ananiona ndipo niseme, na nikiwa mbali nagonga kijiko kwenye sufuria. Yeye ameshaelewa. Mwanzoni aliuliza, "Mbona huniiti?" nikamjibu kwamba maji yatapoa. Sasa haulizi.

Majirani wakipita nje ya ukuta huniamkia na kuuliza kama ilivyo kawaida, "Mama hajambo?"

Mimi najibu kama walivyokuwa wakiwajibu watu wale wauguzi wawili wa wodini.

"Mgonjwa anaendelea vizuri."